Naandika tasnifu ya maji ya Ziwa Victoria nikiwa Mwanza, mbona kila tanbihi inanipeleka London?

#1 Malimbe Juu
Wakuu, habari za Jumapili.

Nasoma shahada ya uzamili ya sheria na tasnifu yangu inahusu matumizi ya maji ya Ziwa Victoria. Hapa ninapoandikia, nikiinua macho naliona ziwa lenyewe. Sura ya tatu inahusu zile barua za tarehe 7 Mei 1929 kati ya Uingereza na Misri, zilizosema pasijengwe mradi wowote wa umwagiliaji au umeme kwenye Naili, matawi yake na maziwa unakotoka, katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, mpaka Misri iridhie. Nikaandika kwamba mwaka 1962 Tanganyika iliyokwisha kupata uhuru iliiandikia Uingereza, Misri na Sudani kuwa haifungwi na makubaliano hayo. Msimamizi wangu akanirudishia sura, pembeni ya sentensi hiyo kaandika neno moja: "Chanzo?"

Nikaanza kusaka. Kila makala inayoitaja ile barua inanipeleka kwenye kitabu kilichochapwa London, New York au Leiden. Nikikipata, nacho kinanipeleka kwenye kingine cha hukohuko. Barua imeandikwa na serikali yetu, kuhusu maji yetu, lakini kuifikia lazima nipite kwa mtu ambaye pengine hajawahi kunywa maji haya.

Jana usiku nikahesabu tanbihi za sura nzima. Ziko 92. Waandishi Waafrika 11, Watanzania 3. Nimeumia, nasema kweli. Swali langu: hatuandiki, tunaandika lakini hatusomwi, au tunasomwa lakini hatutajwi?

#2 Kaka wa Igoma
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Wakili Makoroboi
Mleta uzi, jibu liko kwenye Mkataba unaounda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Ibara ya 38. Inawatambua wanazuoni kama chanzo cha sheria. Majaji wa kule Uholanzi huwategemea sana maprofesa, na maprofesa wenye majina ni wa Ulaya. Ukishatajwa na Mahakama ile, dunia nzima inakutaja. Mnyororo unaanzia hapo.

#4 Tanbihi Nyingi
Wakili, hapo naomba nikusahihishe kidogo. Ibara ya 38(1)(d) inayaita mafundisho ya wanazuoni njia saidizi ya kubaini kanuni za sheria. Vyanzo vyenyewe ni mikataba, desturi na kanuni za jumla. Mwanazuoni anaonyesha sheria ilipo, haitungi.

Pia Mahakama ile huwataja wanazuoni kwa nadra mno katika hukumu za pamoja. Wanaotaja sana ni jaji mmojammoja kwenye maoni yake binafsi. Kuna mtafiti wa Norwei, Sondre Torp Helmersen, aliyezipitia hukumu na maoni hayo na kuchapisha kitabu mwaka 2021. Aliyeongoza kwa kutajwa ni Shabtai Rosenne, mwanadiplomasia wa Israeli aliyezaliwa London, ambaye maisha yake yote aliandika kuhusu Mahakama hiyohiyo. Ukiandika kitabu kuhusu taratibu za mahakama, majaji wake watakufungua kila siku. Hilo halihusiani sana na rangi wala bara.

Ila ibara hiyohiyo inasema wanazuoni waliobobea "wa mataifa mbalimbali". Maneno hayo yamo kwenye maandishi ya sheria yenyewe, mtu asije akakwambia unaomba upendeleo.

#5 Binti Ukerewe
Mimi naona mnazunguka. Sababu ni pesa.

Niliposoma shahada ya kwanza, chuo chetu (sitakitaja) kilikuwa na mashine ya kutafutia majarida, lakini ukibonyeza makala unaambiwa ulipie dola thelathini na kitu usome kwa saa ishirini na nne. Makala moja! Nauli ya kivuko na chakula cha wiki nzima. Nikawa nasoma mukhtasari tu, nanukuu nilichokiona kimenukuliwa na wengine. Ndivyo tunavyofundishwa kunukuu vitabu ambavyo hatujavishika. Anayetajwa ni yule ambaye jina lake limesambaa mpaka kwenye mukhtasari wa bure.

#6 Mkutubi Nyegezi
Binti Ukerewe, pole. Tangu 2018 kuna mpango unaitwa GOALI chini ya Shirika la Kazi Duniani, unafungua majarida ya sheria bure au kwa bei ndogo kwa taasisi za nchi kama yetu. Chuo ndicho kinachojiandikisha, mwanafunzi peke yake hawezi. Nendeni kwa wakutubi wenu mkaulize. Nasema kwa uchungu: mara nyingi mlango uko wazi na hakuna aliyeambiwa.

Na kwa upande wa pili kuna AJOL, majarida ya Kiafrika mtandaoni tangu 1998, makao yake Afrika Kusini. Huko makala nyingi ni bure kabisa. Nimefanya kazi maktaba miaka kumi na moja na sijawahi kuulizwa AJOL na mwanafunzi wa sheria. Wanaulizia HeinOnline tu, ile hifadhi ya kulipia ya majarida ya sheria.

#7 Jiwe la Bismarck
Naomba niwe mkweli ingawa nitachukiwa. Hatuandiki. Mhadhiri wa sheria hapa nchini ana vipindi vingi, ana wanafunzi mia mbili wa kusahihisha, jioni ana ofisi ya uwakili, likizo ana ripoti ya ushauri ya shirika fulani. Ile ripoti ndiyo utafiti wake bora wa mwaka, kurasa themanini, na inaishia kwenye droo ya mfadhili. Atatajwaje mtu ambaye kazi yake nzuri kuliko zote haikuchapwa?

Msiwalaumu watu wa Leiden kwa sababu wao wameandika.

#8 Tanbihi Nyingi
Bismarck, nusu nakubali, nusu nakataa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jarida lake, Eastern Africa Law Review, tangu 1968. Linakaribia umri wa baadhi ya majarida ambayo leo tunayapigia magoti. Wamepita humo watu wazito. Tatizo ni kwamba kuandika ni jambo moja, kuhesabiwa ni jingine.

Hizi mashine za kuhesabu nukuu zilianza na Eugene Garfield, aliyetoa faharasa yake ya nukuu za sayansi mwaka 1964. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa maabara, ambao hunukuu makala ya jarida ya miaka miwili mitatu iliyopita. Mwanasheria hanukuu hivyo. Tanbihi ya mwanasheria wa kimataifa imejaa mikataba, hukumu, nyaraka za Umoja wa Mataifa na vitabu vya miaka mia. Vitabu vilichelewa sana kuingizwa kwenye mashine hizo, na nyaraka za serikali hazihesabiwi kama kazi ya mtu. Kwa hiyo hata Mzungu wa sheria hahesabiwi vizuri pale. Sisi ambao jarida letu halimo kabisa ndio kwanza hatuonekani.

Halafu chuo kinampandisha mhadhiri cheo kwa mizani hiyohiyo! Naye anapeleka makala nje, jarida la nyumbani linakosa makala, linachelewa kutoka, linazidi kutohesabiwa.

#9 Mvuvi wa Kirumba
Samahani wasomi, mimi ni mtu wa mwaloni, pale tunaposhushia samaki, nimefuata kichwa cha habari kwa sababu ya neno ziwa. Naomba kueleweshwa. Hao wanazuoni wakitajwa au wasipotajwa, mtu kama mimi mwenye mtumbwi na nyavu inanihusu nini?

#10 Kaka wa Igoma
Mvuvi, kwanza tuambie dagaa leo ndoo bei gani, ndipo wasomi wakujibu.

#11 Mvuvi wa Kirumba
Wiki hii mwezi umekuwa mkubwa, dagaa hawavuliki, bei imepanda. Subiri giza. Sasa nijibuni.

#12 Tanbihi Nyingi
Mvuvi, swali lako ndilo bora katika uzi huu na lina jibu. Naomba uvumilivu, ni hadithi ndefu kidogo.

Machi 1898 boti moja ya uvuvi iitwayo Paquete Habana ilitoka Havana, Kuba, ikiwa na watu watatu, nahodha akiwemo. Wakavua magharibi mwa kisiwa kwa takribani mwezi, wakaweka samaki wakiwa hai ndani ya boti ili wawauze wabichi. Wakiwa baharini, vita vya Marekani na Hispania vikaanza. Hawakuwa na habari. Wanarudi nyumbani, manowari ya Marekani ikawakamata. Boti nyingine, Lola, ikakamatwa hivyohivyo. Zote zikapelekwa Florida, zikapigwa mnada, moja kwa dola 490, ya pili kwa dola 800.

Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamuliwa Januari 1900. Hapakuwa na mkataba wala sheria ya Bunge lao iliyosema boti ya mvuvi wa pwani isikamatwe vitani. Jaji Gray akafanya nini? Akafungua vitabu. Alianza na amri za Mfalme Henry wa Nne wa Uingereza kwa makamanda wake wa majini, za 1403 na 1406, akashuka karne kwa karne, akapita kwa waandishi wa Kifaransa, Kijerumani, Kiholanzi, Kihispania, Kiitaliano, na Calvo wa Argentina. Akasema vitabu hivyo havitumiki kwa ndoto za mwandishi kuhusu sheria inavyopaswa kuwa, vinatumika kama ushahidi wa kuaminika wa sheria ilivyo. Na ushahidi ulionyesha kwamba mvuvi wa kawaida asiye na silaha, anayetafuta riziki, huachwa na chombo chake hata mataifa yakipigana.

Kwa hiyo mvuvi aliokolewa na tanbihi. Ndiyo maana inakuhusu: siku watu wawili wakigombania ziwa hili, jaji atafungua vitabu. Swali ni vitabu vya nani vitakuwa mezani, na kama desturi za mwalo wenu zimeandikwa humo.

#13 Mvuvi wa Kirumba
Boti zao walirudishiwa?

#14 Tanbihi Nyingi
Zilikuwa zimeshauzwa. Mahakama iliamuru wenyewe walipwe pesa za mauzo pamoja na fidia na gharama. Majaji watatu kati ya tisa walipinga.

#15 Mvuvi wa Kirumba
Fidia ni sawa, lakini msimu umeshapita. Asante kwa kunieleza.

#16 Mama Sheria Buzuruga
Tanbihi Nyingi umeeleza vizuri, ila kuna kipande umekiruka nami sikubali kipite. Kwenye hukumu hiyohiyo Jaji Gray anataja kwamba Japani nayo mwaka 1894 ilitoa agizo la kutokamata boti za uvuvi. Anaieleza Japani kama dola ya mwisho kupokewa katika safu ya mataifa yaliyostaarabika. Maana yake kulikuwa na safu, na kulikuwa na mlango. Wavuvi wa Ukerewe na Kome mwaka 1900 walikuwa na desturi zao kuhusu mwalo na nyavu, lakini hakuna jaji ambaye angefikiri kuzitafuta, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameshatupiga chapa ya koloni. Neno hilo la "mataifa yaliyostaarabika" bado limo hadi leo katika Ibara ya 38(1)(c).

Kwa hiyo kusema "hawajaandika" ni kuanza hadithi katikati. Watu waliwekwa kwanza nje ya safu, kisha wakaulizwa mbona hawamo kwenye vitabu.

#17 Jiwe la Bismarck
Mama Sheria, heshima yako. Lakini uhuru una zaidi ya miaka sitini. Hadi lini tutamjibu mtoto wa mwaka 2000 kwa Mjerumani?

#18 Mama Sheria Buzuruga
Mpaka hapo mashine ya kuhesabu itakapotuhesabu, mwanangu. Sijasema tusiandike. Mimi mwenyewe nimesahihisha tasnifu tangu hujaanza darasa la kwanza.

#19 Msafiri wa Sengerema
Nichangie mfano unaonigusa. Mwaka 1997 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kesi ya mabwawa ya mto Danube, Hungaria dhidi ya Slovakia. Jaji Weeramantry wa Sri Lanka aliandika maoni yake binafsi akitaka kuonyesha kwamba maendeleo yanayotunza mazingira ni hekima ya zamani ya mataifa mengi. Akazitaja jamii mbili za Tanzania, Wasonjo na Wachagga, na mifereji yao ya kuleta maji kutoka mlimani. Anasema kwa Wasonjo ilikuwa wajibu wa kila kizazi kuitunza mifereji hiyo.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama. Wasonjo, wako kwenye maoni ya jaji wa dunia! Nikashuka kwenye tanbihi nione nani kamwambia. Chanzo ni kitabu cha watafiti wa Uingereza kuhusu madhara ya mabwawa makubwa. Kwa hiyo tumetajwa, lakini kama watu wa kusimuliwa. Hapo ndipo swali la mleta uzi lilipo hasa.

#20 Mangi wa Pasiansi
Hahaha, Wachagga tuko Uholanzi tangu 97! Mifongo ya babu imefika mahakama kuu ya dunia, na nyie Wasukuma mna ziwa zima hamjatajwa hata mstari mmoja.

#21 Kaka wa Igoma
Mangi, mfongo mmoja hautoshi kuoga pale Capri Point. Tulia.

#22 Binti Ukerewe
Tukirudi kwenye mada. Niongeze sababu ambayo wanaume hapa hamtaiwaza: majina. Mfumo wa kunukuu wa Kizungu unataka jina la mwisho ndilo liwe la ukoo. Sisi la mwisho mara nyingi ni la baba tu, au la babu. Profesa Chris Maina Peter, aliyekuwa mjumbe wa Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, mwanafunzi wangu alimtafuta chini ya Maina akasema hayupo. Yupo chini ya Peter.

Na mimi makala yangu ya kwanza niliandika kwa jina la baba, ya pili baada ya ndoa, ya tatu nikaweka yote mawili. Mashine inaniona wanawake watatu, kila mmoja na makala moja. Nimeshajisajili namba ya ORCID, inayomtambulisha mwandishi hata jina likibadilika, ni bure, fanyeni mapema kabla hamjachapa kitu.

#23 Mkutubi Nyegezi
Binti kasema kweli tupu. Kwenye katalogi napambana na hili kila wiki.

#24 Mtumishi wa Kanisa
Biblia ilishasema, Mathayo 25:29, kila mwenye kitu atapewa, naye asiye na kitu hata kile alicho nacho atanyang'anywa. Mwanasosholojia Robert Merton alichukua mstari huo mwaka 1968 akautumia kuipa jina, "athari ya Mathayo", ile hali ya mwanasayansi mashuhuri kupata sifa hata kwa kazi ambayo mdogo kaifanya sawasawa naye. Nukuu inavuta nukuu. Msomaji akikuta jina moja mara kumi, la kumi na moja ataliandika bila kufungua kitabu.

#25 Binti Ukerewe
Mtumishi, na ujue kwamba sehemu kubwa ya makala hiyo ya Merton ilitegemea mahojiano aliyoyafanya Harriet Zuckerman na washindi wa Nobel. Merton mwenyewe aliandika baadaye kwamba ilistahili kutoka kwa majina ya wote wawili. Ila jina linalotajwa ni moja. Hata wewe umetaja moja.

#26 Mtumishi wa Kanisa
Nimepokea, dada. Nitamtaja.

#27 Wakili Makoroboi
Nirudi nilikosahihishwa, nimekubali. Lakini mbona hamumzungumzii Mwalimu? "Nadharia ya Nyerere" iko kwenye vitabu vya urithi wa mikataba duniani, yaani nchi mpya inarithi vipi mikataba ya mtawala wake wa zamani. Nyerere aliikana mikataba yote ya kikoloni siku ya uhuru, na dunia ikamnukuu. Hakuhitaji jarida wala namba ya ORCID.

#28 Mama Sheria Buzuruga
Hakuikana yote, Wakili. Soma vizuri. Alilieleza Bunge mwishoni mwa Novemba 1961, kisha Umoja wa Mataifa mwezi Desemba, kwamba mikataba ya nchi mbilimbili Tanganyika itaiheshimu kwa miaka miwili tangu 9 Desemba 1961, huku ikiipitia mmoja mmoja. Isiyopatiwa makubaliano mapya ingehesabika kuwa imekwisha, isipokuwa ile ambayo ingeendelea kwa kanuni za desturi. Ile ya mataifa mengi ingeangaliwa kwa upande wake. Ni hatua ya mwanasheria makini, haikuwa hasira ya siku ya uhuru. Uganda, Kenya na Malawi nazo zilifuata njia inayofanana na hiyo, kila moja kwa namna yake.

Na Naili ilishughulikiwa peke yake, mwaka 1962. Misri nayo ilijibu kwamba inaona makubaliano ya 1929 bado ni halali.

Ila umegusa jambo. Nyerere ananukuliwa kwa sababu alikuwa dola. Dola ikisema, inakuwa ushahidi wa desturi. Profesa wa Dar akisema jambo hilohilo, ni maoni tu, tena ya mtu wa mbali.

#29 Msafiri wa Sengerema
Hapo Mama umenifungua. Kwa hiyo Afrika inanukuliwa kama tendo, Ulaya inanukuliwa kama fikra?

#30 Tanbihi Nyingi
Msafiri, sentensi yako ni tamu lakini inazidisha. Taslim Elias wa Nigeria alinukuliwa kama fikra, tena akawa Rais wa Mahakama ile miaka ya 80. Abdulqawi Yusuf wa Somalia naye aliongoza Mahakama hiyo, 2018 hadi 2021, na ndiye aliyeanzisha kitabu cha mwaka cha sheria ya kimataifa cha Afrika. Jirani yetu Julia Sebutinde wa Uganda yupo pale tangu 2012, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuketi kwenye benchi lile.

Tatizo la pili ni barabara za kusomea. Anthea Roberts, katika kitabu cha 2017, alilinganisha walikosomea wahadhiri na vitabu wanavyofundishia katika nchi tano zenye kura ya turufu. Wanafunzi husafiri kutoka pembezoni kwenda kitovuni, na mawazo husafiri kinyume, kutoka kitovuni kwenda pembezoni. Mtanzania akienda kusoma Uingereza anarudi na orodha ya vitabu ya mwalimu wake. Anaifundisha miaka thelathini. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini orodha inajizaa.

#31 Jiwe la Bismarck
Basi orodha tunaitunga sisi wenyewe madarasani. Narudi palepale: kosa ni letu na dawa ni yetu.

#32 Mangi wa Pasiansi
Swali la pembeni: si huo mkataba mpya wa Naili wa Entebbe umekwama? Sasa haya yote ya 1929 yana faida gani?

#33 Malimbe Juu
Mangi, haujakwama. Ulifunguliwa kwa saini Mei 2010 Entebbe, Tanzania iliridhia 2015, na umeanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 baada ya Sudani Kusini kuridhia. Misri na Sudani hazimo, zinashikilia 1929 na ule wa 1959 waliogawana wawili: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudani bilioni 18.5, waliobaki sifuri. Ndiyo maana 1929 bado ni hai kwenye makaratasi. Hata mradi wa maji wa Kahama na Shinyanga, ambao chanzo chake ni Ihelele hapa Misungwi, Misri iliulalamikia kwa hoja hiyohiyo. Tukajenga, watu wanakunywa.

#34 Mvuvi wa Kirumba
Ihelele napajua. Sikujua kama kuna mtu Misri alikataa.

#35 Dereva wa Busisi
Jamani, wasomi mnaovuka kwenda Sengerema siku hizi mnapita darajani dakika chache tu. Zamani mngekuwa kwenye foleni ya kivuko mkasoma sura nzima. Labda ndiyo maana mnakosa muda wa kusoma, haha.

#36 Mwalimu Nansio
Nashangaa hakuna aliyegusa lugha. Mahakama ile ina lugha rasmi mbili, Kifaransa na Kiingereza. Majarida makubwa ni ya Kiingereza. Mtu wa Mwanza akiandika uchambuzi mzuri kwa Kiswahili, hata Mtanzania mwenzake hamnukuu, anasema si chanzo cha kitaaluma. Nina mwanafunzi aliwahoji wazee wa visiwani kuhusu mipaka ya uvuvi, akaandika kwa Kiswahili safi. Wahakiki wa jarida fulani walimwambia atafsiri kwanza. Alipotafsiri, maneno ya wazee yakafa. Kwa Kiingereza "mwalo" ukawa "ufukwe wa kupakulia". Mwalo una mwenye mwalo, una taratibu, una nani anaanza kushusha. Yote hayo yamepotea katika maneno machache.

#37 Mvuvi wa Kirumba
Mwalimu hapo umesema. Mwalo si ufukwe.

#38 Wakili Makoroboi
Na wale wa kulipia je? Mwaka juzi nilipata barua pepe inaniita "Profesa mashuhuri" (mimi nina shahada moja), wanataka makala. Nikapeleka, ikakubaliwa baada ya siku mbili, hakuna hata koma iliyosahihishwa, nikadaiwa pesa. Niliilipa kwa mkopo. Leo tovuti haipo na makala haipo. Nimefundishika, lakini iliniuma, maana nilitumia data niliyoikusanya kwa miezi minane.

#39 Mkutubi Nyegezi
Pole sana, Wakili. Leteni viungo maktaba kabla ya kulipa. Tunakagua bure.

#40 Malimbe Juu
Wakuu, wabeja sana. Nimerudi na taarifa.

Mkutubi alinielekeza kwenye kitabu cha nyaraka za urithi wa dola kilichochapwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1967, kipo bure mtandaoni. Tamko la Tanganyika la Desemba 1961 limo. Halafu Mama Sheria akaniandikia inboksi nitafute Tanzania Treaty Practice cha Seaton na Maliti, 1973, kilichotolewa Nairobi. Humo suala la Naili limejadiliwa. Earle Seaton huyo ndiye mwanasheria aliyekwenda na Kirilo Japhet kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya Wameru. Nilikishika mikononi, karatasi zimekuwa za njano, kadi ya kuazima mara ya mwisho ilipigwa muhuri kabla sijazaliwa.

Msimamizi kaikubali sura. Ila ameomba nyuma ya Seaton na Maliti niongeze na kile kitabu cha London, "ili mtahini wa nje asihoji". Nimeamua nitaviweka vyote, vya kwetu vikitangulia.

#41 Jiwe la Bismarck
Usiongeze. Chanzo cha kwanza kikishakuwepo, cha pili cha nini?

#42 Mama Sheria Buzuruga
Aongeze, ahitimu kwanza. Akiwa msimamizi ataamua.

#43 Tanbihi Nyingi
Mimi ningeweka cha London kwa kuonyesha kwamba chenyewe hakikumtaja Seaton. Hiyo nayo ni hoja ya kitaaluma.

#44 Jiwe la Bismarck
Hiyo sawa. Hiyo nitaisoma.

#45 Mvuvi wa Kirumba
Malimbe Juu, ukimaliza hicho kitabu chako, kitakuwa Kiingereza chote?

#46 Malimbe Juu
Tasnifu ni Kiingereza, baba, utaratibu wa chuo. Ila nitaandika kurasa kumi za Kiswahili za sura ya tatu, na neno mwalo nitaliacha kama lilivyo. Nitakuletea mwenyewe.

#47 Mvuvi wa Kirumba
Njoo Jumamosi, sasa giza limeingia, dagaa wapo. Uliza kwenye mizani ya pili. Na ile ya boti za Havana iweke, vijana wangu nimewasimulia hawaamini.